Lipa msichana wa kazi kwanza, alafu uende kesha: namna ya kuishi wokovu bila maonyesho

Bwana asifiwe watu wa Kisumu, Nakuru, Kakamega na pande zote hizo. Hii nimeandikia mtu ambaye ameshaokoka ama amebatizwa, kanisa anaenda kila wiki, lakini kuna kitu ndani kinamsumbua kwamba dini yake imebaki ya kuonekana tu. Kama unasoma ndio upate maneno ya kumrushia pasta wako ama mama mkwe, pole, hiyo siko nayo, ingawa huko chini nitagusa namna ya kuongea na kiongozi ambaye mambo yake haieleweki.

Kwanza tuelewane kitu kimoja, mtu kuwa na dhambi si lazima awe mnafiki. Jamaa anayelewa Kondele Jumamosi usiku na Jumapili anakaa kiti cha nyuma kabisa, anajua shida yake ni gani na hamdanganyi mtu yeyote kuihusu, huyo ni mdhaifu na anahitaji msaada. Mnafiki ni yule anaigiza, yaani kuna mtu mmoja wa kanisani na mwingine wa nyumbani na hao wawili hawajawahi kutana. Soma Luka 18 polepole. Watoza ushuru wa siku hizo walijulikana kwa kukamua watu, na yule wa kwenye hiyo hadithi hakujitetea hata kidogo, alisimama mbali akasema "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi", akarudi kwake amehesabiwa haki. Farisayo naye alikuwa anafunga mara mbili kwa wiki na kutoa fungu la kumi la kila kitu anachopata, na hakuna mahali imeandikwa alikuwa anadanganya, alikuwa anafanya kweli! Hapo ndio mimi huogopa, kwa sababu inamaanisha unaweza kuwa na rekodi safi ya kanisa na bado ukose.

Ndio maana kwa hii mambo sitakuambia uanze kwa kuongeza maombi. Anza na watu unaopaswa kuwaomba samahani na wale wanaokudai pesa.

Karatasi ya madeni

Chukua karatasi, si simu, simu utaanza kujibu meseji za watu. Andika kila mtu anayekudai kitu ama uliyemkosea na bado hujamaliza hiyo stori. Anza na wale wa chini yako kabisa kwa nguvu: msichana wa kazi, kijana wa bodaboda ambaye wewe unakopa safari zake kila siku ukisema nitakutumia jioni, mama mboga, fundi aliyekushonea yunifomu za watoto za kwaya, kibarua wa mjengo, mtu wa kuchota maji. Hao ndio wa kwanza kwa sababu hao hawawezi kukupeleka popote. Benki utalipa tu, benki inajua kutafuta watu. Landilodi atafunga mlango na kufuli. Lakini msichana wa miaka kumi na tisa kutoka Bungoma ambaye hajalipwa miezi mitatu atafanya nini, atapika tu na kuosha, na wewe utaingia kesha ukiimba mikono juu.

Biblia kwa hiyo haijaficha maneno. Kumbukumbu la Torati 24 inasema maskini uliyemwajiri umpe ujira wake siku hiyo hiyo kabla jua lizame, kwa maana anautegemea, asije akamlilia Bwana juu yako ikawa ni dhambi kwako. Yakobo sura ya 5 anasema ule mshahara mliowazuilia wavunaji wenyewe unapiga kelele na kelele imefika masikioni mwa Bwana. Sasa jiulize, wewe uko na spika mbili kanisani na mshahara wa huyo msichana uko na sauti yake, nani atasikika kwanza?

Ukishaandika majina, piga simu ama uende. Sema kiasi, sema tarehe. "Mama Akinyi, unanidai mia nane ya omena, nitakupa mia nne Ijumaa na ingine mwisho wa mwezi." Imeisha. Usiseme "omba na mimi Mungu afungue mlango", hiyo ni kumgeuzia deni lake kuwa mzigo wa maombi, na saa hiyo hiyo uko na nywele mpya. Kama huwezi kulipa yote, tuma kidogo kidogo na M-Pesa, hata hamsini, mtu akiona hamsini inaingia kila Ijumaa anajua uko serious, kuliko ahadi ya elfu tano ya siku haijulikani.

Kwa wale wa biashara ongeza mstari mwingine kwa hiyo karatasi: vipimo. Nyinyi watu wa masoko ya Kibuye na Jubilee hapa Kisumu, na Wakulima kule Nakuru mnaelewa ninachosema, ile gorogoro imegongwa chini mpaka kitako kimeingia ndani, mteja anaona imejaa juu na kumbe amepungukiwa mahindi ya watu wawili. Mithali 11:1 inaita hiyo mizani ya hadaa na inasema ni chukizo kwa Bwana, neno chukizo ni lile lile huwa tunapenda kutumia kwa dhambi za watu wengine. Nunua mkebe mpya. Huo ni wokovu unashikika kwa mkono.

Na hii si mambo mpya eti imeletwa na mtu wa intaneti. Uamsho wa Afrika Mashariki, ule uliowaka Gahini huko Rwanda na upande wa Uganda kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, ulipofika kwetu Kenya na Nyanza ikiwemo kwenye miaka ya 1930 ikielekea kuisha, mtu akisema ameokoka watu walikuwa wanangoja kuona atarudisha nini. Walirudisha vitu walivyoiba, wakalipa madeni, wakaenda kwa watu waliokosana nao miaka mingi. Walikuwa wanafuata mfano wa Zakayo tu, Luka 19, "ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne", na angalia Yesu alisema wokovu umefika nyumba hii baada ya hayo maneno, sio baada ya wimbo.

Kuna deni lingine watu huficha kwa kanisa kabisa, deni la wazazi. Marko 7 Yesu anawaambia Mafarisayo kwamba wamebuni njia, mtu anasema kile ningekusaidia nacho mama yangu nimekifanya korbani, yaani nimekitolea Mungu, basi mama hapati kitu. Leo hiyo inaitwa kuchangia jengo wakati mama huko Siaya anakunywa dawa ya presha siku moja anaruka siku mbili ndio isiishe haraka. Dawa kwanza. Jengo litangoja, na pasta yeyote anayekuambia jengo lisingoje muulize kama yeye mamake anaishi aje.

Sadaka na harambee

Hapa kwetu kutoa kumekuwa tamasha. Mtu anaitwa mbele, anashika maiki, anasema "mimi na familia yangu na marafiki wangu wa Nairobi", anatikisa bahasha, watu wanapiga makofi. Mathayo 6 inasema wenye kufanya hivyo wamekwisha kupata thawabu yao, yaani risiti yao imeshakatwa pale pale kwa makofi, hakuna ingine inakuja.

Namna ya kutoa bila hiyo: tumia paybill ya kanisa ama weka kwa kikapu na usitume skrinishoti kwa grupu. Kama kanisa lenu linaandika majina kwa kitabu ili mahesabu yakae sawa, hiyo haina shida, mweka hazina lazima ajue, rekodi si maonyesho. Shida inaanza mahali majina yanasomwa kutoka kwa mkubwa hadi mdogo na yule wa shilingi hamsini anasomwa mwisho watu wakiwa wameanza kutoka nje. Kama uko kwa komiti pendekeza msome jumla tu, "tumepata elfu arobaini na mbili, asanteni", na mtaona wenyewe nani ataacha kutoa, na hiyo itakuwa imewafundisha kitu.

Alafu kuna wanaume wenye wanatumia ule mstari wa mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume kumficha bibi pesa. Bibi yako si mkono wa kushoto, usitubebe ujinga. Mwambie.

Ahadi nazo ni hatari kuliko sadaka yenyewe. Watu husoma Matendo 5 wanafikiria Anania na Safira walikufa kwa sababu walitoa kidogo. Hapana. Petro alimwambia wazi kwamba shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuuza pesa zilikuwa mikononi mwake, angetoa nusu akasema ni nusu na hakuna mtu angemuuliza. Alichofanya ni kutoa sehemu na kusimama mbele ya watu kama ametoa yote. Kwa hivyo ukiwa na elfu moja sema elfu moja, usisimame useme elfu kumi ndio usikike kuliko yule wa meza ya pili alafu uanze kuhama upande wa barabara ukimwona mweka hazina. Marafiki wa Kaimosi, wale Quakers ambao kanisa lao lilianza huko 1902, kwa desturi yao ya tangu zamani huwa hawaapi hata kortini, kwa sababu Mathayo 5 inasema ndiyo yenu iwe ndiyo na siyo yenu iwe siyo. Sijasema lazima uwe Quaker. Nasema kabla ya kufungua mdomo kwa harambee hesabu kilicho kwa simu.

Na pesa ya wanasiasa, hii tusizunguke. 2021 Askofu Mkuu wa Anglikana, Jackson Ole Sapit, alisema wanasiasa hawatapewa madhabahu ya kuongelea, wakae na waumini wengine. Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Katoliki wa Nairobi, Philip Anyolo, akakataa mchango ambao Rais alikuwa ametoa kwa kanisa la Soweto. Watu walibishana sana na wengine wakasema maaskofu wanajifanya. Mimi naona walifanya poa, lakini swali la kwako wewe wa kanisa dogo la mabati Obunga ni rahisi kuliko la maaskofu: mkipokea hiyo pesa, mtaweza kusema kitu huyo mheshimiwa akiiba? Kama jibu ni hapana basi mmeuza, na mabati yenyewe ya kanisa yatawakumbusha kila mvua ikinyesha.

Kuomba kwenye nyumba ya chumba kimoja

Yesu alisema uingie chumba chako cha ndani, ufunge mlango, uombe Baba yako aliye sirini. Sasa mtu wa Nyalenda anakaa chumba kimoja na watu sita, pazia katikati, chumba cha ndani kiko wapi? Hili swali ni la maana na wahubiri wengi wanaliruka. Jibu langu ni kwamba chumba cha ndani ni mahali popote hakuna mtu wa kukupigia makofi. Inaweza kuwa ndani ya matatu ukitoka Ahero hakuna mwenye anajua midomo yako inasema nini. Inaweza kuwa saa kumi na moja asubuhi ukiwasha jiko wengine wakilala. Kuna watu hutembea mpaka Dunga kabla boti zirudi. Wengine huenda Kit Mikayi, wale wa Nakuru huenda mapango ya Menengai, ni sawa, mahali ni pazuri kweli, ila ukipanda huko na simu uende laivu ukiwa umepiga magoti basi hukuenda sirini, umehamisha tu jukwaa.

Urefu wa sala usikusumbue. Baba Yetu yenyewe inaisha kabla chai ichemke. Mimi nashauri hivi, taja majina ya watu na uwe tayari Mungu akikuambia wewe ndio jibu. Ukiomba "Bwana msaidie jirani apate chakula" na wewe uko na unga debe nzima chini ya kitanda, hiyo sala unaijibu mwenyewe saa hiyo. Yakobo sura ya 2 imecheka hiyo tabia zamani, mtu anamwambia ndugu asiye na nguo "enenda zako kwa amani, ukaote moto", na hajampa kitu.

Sasa kuna dhambi moja ya fellowship ambayo nataka tuikae hapa kidogo kwa sababu inafanyika kila Jumatano na hakuna mtu anaita dhambi: udaku wa maombi. "Wapendwa tumkumbuke dada wetu fulani, mimi sitasema mengi, lakini ndoa yake iko na shida, tena ile shida ya nje." Kwisha, mpaka Alhamisi mtaa mzima wa Manyatta unajua. Hujaomba, umetangaza, na umefunga kwa jina la Yesu ndio usiulizwe. Hii ndio njia ya kuacha. Kabla upeleke jina la mtu kwa maombi ya kikundi, mpigie umuulize, "naweza kukuombea mbele ya wenzangu, na niseme nini?" Akikataa, omba peke yako. Akikubali sema maneno yake na uishie hapo, hata wakikuangalia na macho ya kutaka zaidi. Ukiwa ni wewe unaongoza kikundi na mtu ameanza hiyo stori, mkatize kwa upole, "asante, Bwana anajua, tuombe", na uanze kuomba hapo hapo kwa sauti, itabidi anyamaze.

Ndugu ya huyo udaku ni kuhubiria mtu kupitia kwa sala. Mmekosana na Mama Brayo wa chama, badala umwambie ukweli unangoja zamu yako ya kuomba, "Bwana wagusе wale wenye wanakula pesa za watu na bado wanakuita Baba". Mungu anajua unaongea na nani na Mama Brayo pia anajua. Nenda kwake jioni mkae chini.

Na makesha yenu ya spika, jamani. Kuna mtoto anafanya KCSE wiki hiyo, kuna nesi ametoka shift ya usiku, kuna mgonjwa. Mungu anasikia bila ampilifaya. Punguza sauti saa tatu usiku na ombeni mpaka asubuhi mkitaka.

Kufunga

Hii ni fupi. Mathayo 6 inasema ukifunga paka mafuta kichwani na unawe uso, watu wasijue. Kwa hivyo jipake, vaa vizuri, usitembee umekunja uso ukijibu kila mtu "niko kwa mfungo". Yule anayepika nyumbani mwambie ili chakula kisiharibike, hiyo si kujionyesha. Ukiwa na sukari, vidonda vya tumbo, mimba, ama unameza dawa za kila siku, ongea na daktari kwanza, na mtu yeyote anayekuambia ufunge mpaka ufe ndio umwone Yesu mkimbie, tuliona Shakahola 2023 miili zaidi ya mia nne ikifukuliwa na kati yao watoto. Isaya 58 pia inauliza mbona mnafunga huku mnawalemea wafanyakazi wenu, kwa hivyo rudi kwa ile karatasi ya kwanza. Kile ambacho hukula leo, bei yake mpe mtu mwenye njaa, vinginevyo umehifadhi tu bajeti.

Kutubu na kuomba msamaha

Ushuhuda wa siku hizi umekuwa sinema. Mtu anaeleza alivyokuwa jambazi, bunduki ngapi, wasichana wangapi, mpaka vijana wanatamani. Dakika ishirini za dhambi na nusu dakika ya Yesu. Kama unatoa ushuhuda taja dhambi kwa jina lake fupi, usitaje mtu mwingine aliyehusika, na useme umerekebisha nini. Kama kuna mtu uliyemwibia na bado yuko Gilgil anangoja, ushuhuda wako bado haujaiva.

Watu wa uamsho walikuwa wanaita kutubu mbele ya ndugu kutembea nuruni, na ilikuwa kitu kizuri sana, lakini hata hapo unafiki ulipata mlango. Hapa Nyanza 1957 kundi la Matthew Ajuoga lilitoka Anglikana likawa Church of Christ in Africa, wale watu huita Johera, yaani watu wa upendo, na moja ya malalamiko yao ilikuwa kwamba baadhi ya ndugu wa uamsho wamejiona wao ndio wameokoka na wengine wote ni wa hivi hivi, upendo hakuna. Sitaki kuamua nani alikuwa sawa miaka hiyo yote. Ninachoona ni kwamba mtu anaweza kutubu vizuri mpaka akaanza kujivunia vile anatubu.

Kuomba msamaha kwenyewe, fanya hivi. Nenda kwa mtu mwenyewe, si kwa dada yake. Sema kitu ulichofanya kwa jina, "nilisema kwa chama kwamba wewe ndio ulichukua ile pesa, na ilikuwa uongo." Usiweke "kama nilikukosea", hiyo "kama" inafuta kila kitu. Usiweke "lakini na wewe". Usiweke shetani, shetani hakushika simu yako akatype. Alafu uliza anataka urekebishe aje, labda atataka uende useme ukweli kwa hilo hilo grupu uliposema uongo, na itakuuma, nenda. Akikataa kukusamehe leo usimtishie na mistari, msamaha ni wake, wewe umekuja kulipa. Mathayo 5:23 inasema hata ukiwa umefika madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka hapo, uende upatane kwanza. Hebu fikiria siku moja Jumapili saa nne watu wote wakitii hiyo, kanisa litabaki na mpiga kinanda peke yake.

Omba msamaha hata kwa mtoto wako. Wazazi wetu hawakutufundisha hii, mzazi hakosei, lakini mtoto akikusikia unasema "baba nilikupiga bure, nilikuwa na hasira za kazi, nisamehe" ameona injili zaidi ya Sunday school ya mwaka mzima.

Kuna mambo lakini hayaishii kwa toba ya kikundi. Mtoto akinajisiwa ama mtu akipigwa nyumbani, usikubali wazee wa kanisa waseme "tumeshaombea, ametubu, tufunike aibu ya kanisa". Piga 116, hiyo ni laini ya watoto, ama 1195 ya dhuluma za kijinsia, nenda hospitali kabla kuoga, nenda polisi. Mwenye alifanya anaweza kutubu akiwa seli, Mungu anasikia huko pia.

Matanga

Kidogo tu hapa maana sote tunajua. Fulani alilala Russia, ile hospitali kubwa ya Kisumu, wiki nzima akitafuta mtu wa kumletea uji na nauli ya kurudi nyumbani, hakuna. Akifa, basi tatu, tenti, fulana zenye picha yake, na mwenye alikataa kuchukua simu yake anasoma wasifu kwa Kiingereza. Kama uko na elfu mbili ya matanga, tafuta mgonjwa mmoja wiki hii umpelekee akiwa anapumua. Usipige naye picha.

Ukiona unafiki kwa kiongozi

Nilisema nitagusa. Njia iko Mathayo 18: kwanza nenda wewe na yeye peke yenu, umwambie kitu umeona na si kitu umesikia. Asiposikia nenda na mmoja ama wawili. Asiposikia tena ndio unaliambia kanisa. Grupu ya WhatsApp haiko kwa hizo hatua tatu, na akaunti feki ya Facebook ndio kabisa. Lakini pia usitumiwe ile "msiguse masihi wangu" kukuziba mdomo kwa mambo ya pesa, hiyo ya Zaburi 105 iliongea juu ya mababu wa Israeli waliokuwa wageni kwa nchi za watu, haikuongea juu ya kitabu cha hazina. Kanisa lililosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108, linatakiwa kupeleka ripoti kwa msajili kila mwaka, na memba kuuliza mahesabu si uasi. Uliza kwa mkutano wa waumini, kwa sauti ya kawaida, "tungependa kuona mapato na matumizi ya mwaka uliopita." Andika kwa barua ukinyimwa, weka tarehe, bakisha nakala.

Kabla uende kwake hata hivyo, fanya kitu kimoja. Tafuta mtu anayekujua ukiwa na hasira na asiye na faida ya kukusifu, mara nyingi ni yule msichana wa kazi, ama mtoto wa darasa la saba, ama mfanyakazi wa duka. Muulize, "mimi nikitoka kanisani huwa niko aje?" Alafu nyamaza. Usijitetee, usilie, usimpe mistari, na asipoteze kazi kwa kukujibu. Mshahara wake uwe umelipwa kabla ya hilo swali, la sivyo atakuambia unachotaka kusikia.